Fundi Bulugu na Mechi Tatu za Mbugani

Mpira, mpira! Mtu hajui hata jina la baba wa babu yake, lakini hadithi ya mpira anaitaka. Na magoti yangu haya yanavyouma. Haya, kaeni. Atakayenikatiza ataimalizia mwenyewe.

Hapo zamani, si ile ya fisi na sungura, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na vyuo viwili vya ualimu, Nyamitondo na Mbugani. Kila mwaka walikutana uwanjani mara moja. Desturi yao ilikuwa hii: chuo kilichofungwa kinatoa ngoma yake ya mashabiki, inakaa kwa washindi mwaka mzima. Na aliyeponza wenzake ndiye huibeba kichwani hadi lango la washindi, akaipiga, wao wakicheza.

Ngoma ya Nyamitondo aliichonga Fundi Bulugu, seremala wa chuo. Shule aliiacha darasa la tatu, ila kwa mambo ya mpira walimu walimsikiliza yeye. Mke alishakufa, mabinti wameolewa. Alibaki na ngoma na timu.

Msimu ulipoanza, Bulugu akachomeka penseli sikioni na daftari mfukoni, akapanda baiskeli, akaenda kuwapeleleza Mbugani. Mechi ya kwanza, wakafungwa matatu. Akaandika: kipa anaogopa mipira ya juu. Mechi ya pili, wakafungwa manne. Akaandika: beki wa kulia mzito kama gunia la pumba. Mechi ya tatu, wakafungwa na wauza mitumba! Bulugu akacheka mpaka machozi.

Mama mmoja muuza karanga akamwambia, "Baba, usicheke. Hao si wenyewe. Wenyewe, wa mwaka wa pili, wako mashuleni wanajifunza kufundisha."

"Mama, kila anayefungwa ana wenyewe wake mahali," akajibu Bulugu, akaondoka zake.

Mwalimu Ngasa, kocha wa Nyamitondo, akalisoma lile daftari. "Fundi, una hakika?"

"Mwalimu, hao hata marehemu mke wangu angewafunga."

Kocha akatoa mabeki wawili, akaweka washambuliaji. Nahodha Wilbadi alikuwapo, akanyamaza. Mchumba wake alisoma Mbugani, na Jumatano alikuwa amemwambia kwamba wa mwaka wa pili wamerudi.

Siku ya mechi wakaingia vijana ambao Bulugu hajapata kuwaona. Kipa mwingine. Beki mwingine. Akafungua daftari, akalifunga. Nyamitondo wakafungwa matano kwa bila.

Wanachuo wakakaa kuamua nani abebe ngoma.

"Niliandika nilichokiona," akasema Bulugu. "Kuna uongo hapo? Na kupanga timu si kazi ya seremala."

"Nilipanga kwa kufuata daftari lako," akasema kocha.

Binti mmoja akamdaka, "Mwalimu, si wewe unayetupeleka mashuleni kila mwaka? Hukujiuliza wanafunzi wa wenzetu wako wapi?" Mwalimu akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Ndipo Wilbadi akasimama. "Mimi nilijua. Lakini kocha alitukataza kuwasiliana na Mbugani kabla ya mechi. Ningesema, ningevuliwa unahodha. Na fundi ni kama baba yangu. Ningemuumbua vipi mbele za watu?"

"Si ungeniita pembeni, mwanangu!" akasema Bulugu. "Aibu ya watu wawili ningeimeza."

Wakabishana wee, mwisho wakasema: kilichotuponza ni daftari. Bulugu akajitwisha ngoma aliyoichonga kwa mikono yake, akatembea nayo hadi lango la Mbugani. Akaipiga vizuri, maana kuipiga vibaya hakujui. Kisha akaiacha, akarudi mikono mitupu.

Sasa ninyi wajuzi wa mpira, semeni, mmoja mmoja, msinipigie kelele. Yupo aliyeonywa akapuuza, yupo mwalimu asiyeuliza, yupo aliyejua akafunga mdomo. Je, nani alistahili kuibeba ile ngoma?