Miguu ya Mzee Jongoo

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa mto?
Pakawa daraja!
Paukwa daraja?
Pakawa mtoza ushuru!
Na asiye na kitu?
Aogelee na mamba!

Haya, mliokaa nyuma sogeeni, nisirudie maneno.

Palikuwa na mto, na juu ya mto palikuwa na daraja la magogo tisa. Si manane, si kumi: tisa. Gogo la kwanza, upande wa vijijini, lilisukumwa na Kifaru. Manane yaliyobaki yaliburutwa na wengine, Tembo akiongoza. Kazi ilipokwisha wengine walikwenda kuoga. Kifaru hakwenda kuoga. Alikaa palepale mbele ya daraja, akasema:

"Gogo langu limenitoa jasho. Kila apitaye atanirudishia jasho langu. Mguu mmoja, hindi moja. Jasho likisharudi lote, mtapita bure."

Kifaru alisema hivyo zamani, wakati bibi yake Bi Nguchiro alipokuwa msichana. Bibi akafa, mama akazeeka, na jasho la Kifaru lilikuwa bado halijarudi. Nyuma yake lilikuwapo rundo la mahindi refu kuliko kichuguu.

Macho ya Kifaru hayakuwa mazuri, kwa hiyo alihesabu kwa karibu, pua chini kabisa, fwuu, fwuu, akimpulizia kila mtu vumbi. Hakupokea kitu kabla ya kuhesabu.

Akija Swala: "Simama! Miguu mingapi?"

"Minne, Bwana Mkubwa."

Fwuu, fwuu. "Manne. Weka." Pu, pu, pu, pu.

Akija Kanga: "Simama! Miguu mingapi?"

"Miwili, Bwana Mkubwa."

"Na hivyo vilivyo chini ya bawa?"

"Hivyo ni vifaranga, havikanyagi hata gogo!"

"Kwani vinaruka? Weka."

Hata Chatu alipokuja akijisifu kwamba hana mguu, aliambiwa alipie tumbo lote.

Sasa, Bi Nguchiro alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Shamba lake lilikuwa ng'ambo. Juu ya jiko lake, kwenye moshi, yalining'inia mahindi ya mbegu, yale mekundu aliyoachiwa na mama yake, aliyeachiwa na mama yake. Msimu ulipoanza yalikuwa arobaini na manane. Alivuka mara mbili kwenda kung'oa visiki, akarudi, kila safari akilipa manne kwenda na manne kurudi. Akavuka mara mbili kwenda kulima, akarudi. Asubuhi moja aliona wingu la masika limekaa juu ya kilima. Akayashusha mahindi, akayahesabu. Yamebaki kumi na sita.

Akawahesabu watoto watakaomsaidia kupanda, akajihesabu na yeye. Miguu kumi na sita.

"Mama," akauliza mkubwa wao, "tukishalipa tutapanda nini?"

 Bi Nguchiro alijifunga kanga kiunoni, akayabeba mahindi, akatoka na watoto kwenda kwa Mzee Jongoo.

Mzee Jongoo aliishi chini ya jiwe. Binti yake aliolewa ng'ambo miaka mingi iliyopita, akazaa, na baba hajawahi kumwona mjukuu hata mmoja. Kwa miguu ile, angeupata wapi ushuru?

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jasho linakutoka na jua halijapanda?"

"Nataka tukavuke wote daraja."

Mzee Jongoo akacheka mpaka pete zake zikagongana, kacha kacha kacha. "Na miguu hii yangu yote?"

"Hiyo hiyo, Mzee. Hiyo ndiyo itakayotulipia."

Akamwinamia, akamnong'oneza. Mzee Jongoo akaacha kucheka. Akamtazama Bi Nguchiro kama mtu anayetazama kazi ya fundi, kisha akasema, "Ngoja nijifute vumbi. Siwezi kwenda kwa wakwe hivi."

Walipofika darajani, foleni ilikwisha kuwa ndefu. Swala yuko, Ngiri yuko, Kanga na vifaranga, na nyuma kabisa Tembo na gunia lake la mbegu. Bi Nguchiro akapita pembeni moja kwa moja hadi mbele.

"Bwana Mkubwa, leo nimekuletea mpitaji ambaye hujapata kumwona. Wanasema ana miguu elfu."

Masikio ya Kifaru yakasimama. "Elfu?"

"Wanasema tu. Mimi sijahesabu. Ila usikadirie, Bwana Mkubwa. Ukikadiria, watu watasema umepunjwa."

"Mimi nipunjwe!" Kifaru akainamisha pua. "Simama! Miguu mingapi?"

"Sijui, Bwana," akasema Mzee Jongoo kwa adabu. "Sikusoma."

Kifaru akaanza. "Mmoja, miwili, mitatu, minne…" Akafika kumi na tisa. Pumzi ikamtoka. Fwuuu!

Kunju! Mzee Jongoo akajiviringisha kama kishikizo.

"Jikunjue!"

"Samahani, Bwana, upepo umenishtua. Na nikishajikunja, sharti nitembee kidogo, miguu ipate damu." Akatembea hatua zake chache, tiri tiri tiri, mpaka gogo la pili.

Kifaru akamfuata. "Mmoja, miwili, mitatu…" Akafika thelathini na moja. Fwuuu! Kunju! Tiri tiri tiri, gogo la tatu.

"Mmoja, miwili…"

"Bwana Mkubwa," akaita Ngiri kutoka kwenye foleni, "na sisi je? Mvua inakuja!"

"Nyamaza! Umenipoteza!"

"Kweli wanakuvuruga," akasema Bi Nguchiro. "Minne ya huyu, miwili ya yule, na wewe una elfu mbele yako. Si uwaambie wapite, wakupishe?"

"Piteni!" akanguruma Kifaru. "Piteni wote, na atakayenisemesha nitampa pembe!"

Wakapita. Swala akapita, ta-ta-ta. Ngiri akapita. Kanga akapita na vifaranga vyake vyote vikitembea kwa miguu yao wenyewe. Tembo akapita kwa ncha za vidole, akiruka juu ya Kifaru kama anavyorukwa mgonjwa aliyelala. Bi Nguchiro akapita na watoto watatu, na kifuani amekumbatia mahindi kumi na sita. 

Fwuuu! Kunju! Tiri tiri tiri. Gogo la sita. La saba. La nane.

Kwenye gogo la tisa Kifaru alijifunza kubana pumzi. Akafika mia moja na kumi na mbili, macho yamemtoka, akahema, akainua kichwa. Miguu yake yote minne ilikuwa imekanyaga udongo wa ng'ambo.

Mbele yake alisimama Bi Nguchiro, mdogo kama kata ya maji.

"Simama!" akasema. "Miguu mingapi?"

"Nani? Mimi? Gogo niliweka mimi!"

"Gogo lako liko upande ule. Hili la huku aliliweka Tembo."

Tembo akakohoa.

Hapo tone la kwanza likaanguka, to! La pili, to! Kisha mvua ikashuka, shaaa! Kifaru akageuka kutazama ng'ambo. Rundo lake halikuwa na paa. Jasho lote la miaka ile lilikuwa linalowa.

"Nipisheni!"

"Mahindi manne, Bwana Mkubwa."

"Sina hapa! Yako kule!"

"Basi rundo litakungoja. Au sema daraja ni bure."

"Bure kwangu!"

"Kwa mwenye miguu minne tu?"

Shaaa, ikasema mvua.

"Bure! Bure kwa wote! Jasho limerudi!" Akaondoka, gudu gudu gudu, magogo tisa yakilia. Alichelewa. Mahindi yalilowa, yakavimba, yakaota. Mpaka leo mdomo wa daraja ule una shamba la mahindi lisilopandwa na mtu, na kila apitaye huvunja moja.

Bi Nguchiro alipanda kumi na tano. La kumi na sita alilipukuchua na kulikaanga jioni ile, likaliwa nyumbani kwa binti Jongoo, ambako mzee mmoja alikuwa anahesabu miguu ya wajukuu wake, akikosea, akianza tena.

Funzo la ngano hii, watoto, ni kwamba ushuru ulipwe wote tena mapema, na kamwe msimsemeshe mtoza ushuru akiwa kazini.

Ngano yangu imevuka. Anayeitaka aifuate, mlangoni hahesabiwi mguu.