Shimo Moja kwa Nyoka Watatu

Mwaka huo mvua ilisahau njia ya kuja mbugani. Majani yalipukutika, moto ukala nyasi, na kila mwenye ngozi akatafuta shimo la kujikinga na jua. Mashimo hayakutosha. Simba, ambaye kivuli hakijawahi kumpita, akamteua Fisi kuwa Ofisa Makazi, kwa kuwa Fisi ndiye aliyecheka kuliko wote siku mfalme alipofanya mzaha.

Jumatatu asubuhi Fisi alifika kwa nyoka. Walikuwa watatu, kila mmoja na shimo lake: Kifutu, mnene, mzito wa kuamka, Swila, mwenye shingo ya kutanuka na adabu nyingi, na Ukukwi, nyoka wa kijani, mwembamba kama kamba ya kufungia kuni, aliyeshuka kutoka mitini majani yalipokwisha.

"Waraka!" Fisi alitangaza, akisoma jani kavu. "Nyoka wote watakaa shimo moja, la Kifutu. Mawili yaliyobaki yanarudi serikalini."

"Bwana Ofisa," alisema Ukukwi, "Swila anakula nyoka."

"Fomu haiulizi mtu anakula nini. Fomu inauliza miguu. Una mingapi?"

"Sina."

"Swila je?"

"Hana."

"Na Kifutu?"

Kifutu alikoroma.

"Basi ninyi ni familia. Hamieni."

Wakahamia. Humo ndani Ukukwi alijibana ukutani mpaka akahisi kila punje ya mchanga. Swila alijikunja upande wa pili, akakohoa kidogo.

"Dada Ukukwi, sitakuficha. Jana nilimmeza binamu yangu. Nimeshiba mpaka Alhamisi."

"Na hiyo Alhamisi?"

Swila akatazama dari. "Mimi sikuomba kuletewa watu. Kulala na chakula chumba kimoja, hata usingizi hauji."

"Si uanze na Kifutu?"

"Kifutu atanikaba koo. Wewe unateremka vizuri."

Jumanne, kabla jua halijakaza, Ukukwi alikwenda kushtaki. Alipopita kwenye shimo lake la zamani alisikia harufu, akachungulia. Paja zima la swala lilikuwa limelala pale alipokuwa akilala yeye. Shimo la Swila nalo lilijaa mbavu hadi mlangoni. Kumbe serikali ilikuwa na meno!

Fisi alimsikiliza na kuyaandika kwenye jani, huku akijilamba midomo.

"Malalamiko yako yamepokewa," alisema, akiyasukuma chini ya jiwe yalikokaa mengine yote. "Yatajibiwa ndani ya siku thelathini."

"Mimi nimebakiwa na mbili."

"Basi yatajibiwa bila wewe."

Njiani kurudi, Ukukwi alimkuta Sungura akitafuna mzizi. Akamsimulia yote. Sungura alicheka mpaka mzizi ukamwanguka.

"Shangazi, umekosea mlango. Malalamiko yanamchosha ofisa. Sisi tutampelekea pendekezo."

Wakaandika jani moja, mistari miwili. Wa kwanza ulisema: *Wanaokula chakula cha aina moja wakae pamoja, na wanaokula tofauti watengane.* Wa pili ulisema: *Mashimo yatakayobaki wazi yakabidhiwe Ofisa Makazi.*

Fisi alikuwa na desturi ya kusoma kuanzia chini, maana huko ndiko zawadi zinakoandikwa. Alisoma mstari wa pili, mate yakamdondoka juu ya wa kwanza, akapiga muhuri wa kwato ya pundamilia.

"Hatimaye raia mwenye akili!" alisema. "Kesho nitalisoma mwenyewe barazani."

Jumatano, mbele ya wanyama wote, akalisoma kwa mbwembwe. Simba akalipenda, kwa kuwa lilikuwa fupi.

"Limepita," alisema. "Tuanze na nyoka. Ninyi mnakula nini?"

"Vyura," alisema Ukukwi haraka.

"Panya," alisema Kifutu, akafumba macho tena.

"Nyoka," alisema Swila, akainamisha kichwa kwa haya.

"Tofauti kabisa. Kila mmoja shimo lake."

Ukukwi alishusha pumzi ndefu kuliko mwili wake. Fisi naye akanyanyuka kwa ghafla, maana mashimo yake mawili yalikuwa yameponyoka, lakini Sungura alikuwa ameshainua mkono.

"Mtukufu, wewe unakula nini?"

"Swala. Nani asiyejua?"

"Na hapa barazani, ni nani mwingine anayekula swala?"

Shingo zote ziligeuka kwa Fisi.

"Mtukufu," Fisi alianza, akicheka bila kuchekeshwa, "mtu kama mimi kulala pangoni kwako... Njaa ikikushika?"

"Acha hofu. Nimekula leo asubuhi. Nimeshiba mpaka kesho." Simba akawapungia mkia wabebaji wake. "Ameweka muhuri mwenyewe. Mbebeeni mizigo ahamie."

"Mtukufu, wakubwa na wadogo hawawezi kuwekwa shimo moja! Ni hatari! Ni mwenye akili gani aliyeamua jambo hili?"

"Wewe," baraza zima lilijibu.

Wabebaji walikwishatoka mbio. Walirudi na paja la swala na rundo la mbavu kutoka mashimo ya serikali. Simba alilinusa paja, akalinusa tena.

"Hili niliambiwa limechukuliwa na tai."

Fisi hakungoja kusikia Simba ana njaa kiasi gani. Alikimbia na cheo chake chote, na mpaka leo anapokula hutazama nyuma kila tonge.

Sungura akaongeza swali moja juu kabisa ya fomu ya makazi: *Jirani yako anakula nini?* Tangu hapo fomu hiyo hujazwa na mdogo kwanza.

Alhamisi, Ukukwi alikuwa amejikunja kwenye shimo lake lililosafishwa, dogo, linalomtosha yeye tu. Swila akapita nje, amekonda tumbo.

"Hodi, dada. Upweke haukusumbui?"

"Unanisumbua sana, kaka," alisema Ukukwi kutoka ndani. "Endelea na safari."