Viatu vya Mama Mkwe

Hapo kale, katika nchi ya mawe ya Kidundani, bibi arusi hakuoshwa miguu wala hakuulizwa neno. Alipewa viatu vya mama mkwe wake, vya ngozi ngumu vilivyoshonwa mbele kama kifuko, akavaa, basi. Kuvikataa kulikuwa kumkataa mwenye nyumba, na nani angethubutu?

Nyevu alipoolewa alikabidhiwa viatu vya Mbodze, mama wa mumewe. Vilikuwa vifupi. Akashukuru, akavikunja vidole vyake ndani, akajitwika mtungi kwenda kisimani. Asubuhi kilima, jioni kilima. Kidole cha pili kikaota sugu juu, sugu ikachubuka, naye akatabasamu tu. Alichoka, jamani, uchovu ule usiokwisha kwa kulala. Usiku na mchana aliogopa jambo moja: miguu imgomee, arudishwe kwao kama chombo kibovu.

Na kweli ikamgomea. Alianguka mlangoni, mtungi ukapasuka, akabaki kwenye tope bila nguvu hata ya kulia.

Mbodze akamvua viatu. Akavitazama vile vidole vilivyopinda kama kulabu.

"Mwanangu, mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mama? Ni viatu vyako."

Mbodze akaketi topeni kando yake, akavua na vyake. Vidole vilikuwa vimepinda vilevile.

"Hata mimi nilipewa, nikanyamaza," akasema. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, lete kisu."

Akavikata viatu vyote mbele, vidole vipate kupumua. Kila jioni akamkandia Nyevu miguu kwa maji ya moto yenye chumvi, akavivuta vidole kimoja kimoja, akatia pamba pale palipochubuka. Vile vilivyokuwa bado laini vikanyooka taratibu. Kile cha pili kilikwisha kukakamaa. Hakikurudi, ila kiliacha kuuma. Vya Mbodze havikunyooka hata kimoja. Alikuwa amechelewa, naye alilijua hilo tangu mwanzo.

Tangu hapo viatu vya Kidundani viko wazi mbele. Na bibi arusi akifika, mama mkwe hupiga magoti mwenyewe, akamwosha miguu, akamvisha, kisha akamuuliza, "Vinakubana?" Hapewi hata maji ya kunywa mpaka aseme kweli.