Mpiga Besi Aliyerudi Nyuma

Alikuwepo mwanamke mmoja mwimbaji, mwenye sauti ya kutikisa mabati, katika miaka ile ambapo bendi nzima ilirekodi kwa maikrofoni moja. Fundi hakuwa na vifungo vya kumpandisha huyu na kumshusha yule. Aliyetakiwa kusikika alisogea karibu. Aliyezidisha sauti alirudi nyuma.

Mwanamke huyu alitaka kuimba soul na fanki, ile miziki ya Wamarekani weusi, kwa Kiswahili, na kabla yake hakuna aliyethubutu katika mji ule. Wakubwa wa kampuni ya santuri walimcheka. "Watu wetu wanataka rumba," walisema. Alipowasumbua sana wakampa asubuhi moja tu. Ikifika saa sita mchana wimbo haujapatikana, atarudi kuitikia nyuma ya wanaume, kazi aliyokuwa ameifanya miaka minane.

Wakaingia chumbani, wakapiga mara ya kwanza. Fundi, ambaye mashine yake ilikuwa chumba cha pili, akachomoza kichwa mlangoni.

"Dada, nakusikia wewe tu. Besi haipo kabisa. Rudi nyuma."

Akarudi hatua moja. Wakapiga tena.

"Bado!"

Akarudi ya pili, akarudi ya tatu, mpaka karibu na mlango wa nje. Jasho likamtoka. Saa tano na nusu hiyo. Moyoni akajilaumu: koo langu hili ndilo linaloniharibia. Akaanza kuimba kwa kunong'ona kama anayebembeleza mtoto, na wimbo wa kuchezwa ukawa wa kulaza watu.

"Sasa hata wewe sikusikii," fundi akasema, akaingia mwenyewe. "Na mpiga besi yuko wapi?"

Wakageuka. Hayupo. Wakafuata waya wa umeme wa spika ya gitaa lake, ukatoka mlangoni, wakamkuta barazani amesimama na spika hiyo. Mpiga ngoma alimwona akiikokota, akadhani ni agizo la fundi.

"Kaka, huku nje unafanya nini?" fundi akamuuliza.

"Dada kila akirudi nyuma, na mimi narudi," akajibu, macho kwenye viatu. "Nitasimamaje mbele yake? Jina kwenye santuri ni lake. Mimi mpiga besi tu."

Mwanamke akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Heshima yako inanirudisha kwenye rumba, baba. Ingiza hiyo spika."

Akamshika mkono wa shati, akamsimamisha mbele kabisa, karibu na maikrofoni. "Nipe mgongo. Ukigeuka kuniomba radhi, nakurushia kiatu."

Ilibaki robo saa. Wakapiga mara moja, naye kule nyuma akaachia koo lote. Safari hii fundi hakuchomoza kichwa. Walipomaliza walimkuta anacheza peke yake kando ya mashine. Baada ya santuri ile mwanamke yule alitoa nyingine kumi na moja, na watu walizipiga wakicheza mpaka zikakwaruzika.

Sasa, waumini wenzangu, mlikuwa mnangoja wenye sauti kubwa waambiwe warudi nyuma, sivyo? Wengine mmeshaanza kumtazama jirani. Mwacheni. Huyo amekwisha kurudi nyuma mpaka mlangoni, na kazi bado haiendi.

Leo tunaongea na walioko barazani. Sisi tunaosema "mimi ni nani" tukauita huo unyenyekevu. Tuseme kweli: barazani kuna upepo, na ukikosea hakuna anayekusikia. Lakini Mungu alipokupa hicho ulicho nacho, alikosea nyumba? Na yule dada anayeongoza sala, anayepika msibani, anayefundisha watoto, yote peke yake, tunasema ana kiherehere. Nani mwingine alisogea?

Jumapili ijayo somo la kwanza halina msomaji. Kuna mama humu ndani anasoma vizuri kuliko sisi wote, na kila akiombwa huinamia mkoba wake kama anatafuta kitu. Hata sasa ameinama.

Mama, funga mkoba. Utasoma wewe. Haya, tusimame tuombe.