Molinari na Mashine ya Kijiji

"Jina la kinu halitoi unga." Mmemsikia Semeni akimtupia mwenzake maneno hayo, mkacheka, halafu mnaniuliza yametoka wapi. Yametoka hapa hapa kijijini, nami nilikuwepo. Kaeni.

Methali hii ilianza hivi. Jumanne, tarehe kumi na saba Julai 1984, mkanda wa mashine ya kusaga ulikatika. Kijiji kizima kilikuwa na mashine hiyo moja. Wenye wake hawakuhangaika sana; wake zao walitoa vinu uani wakatwanga. Mimi wangu nilikuwa nimemzika mwaka uliotangulia, na wanangu wawili walitaka ugali. Basi nikashika mchi mwenyewe, mwanamume mzima. Wanawake wakaacha njia ya kisimani kuja kutazama.

"Shemeji, hayo ni mahindi, si nyoka," mmoja akaniambia.

Nusu ya mahindi iliruka chini. Kuku wangu walinenepa, wanangu wakakonda.

Fundi Mgimba alikuwa kijiji cha pili, mwendo wa asubuhi moja. Kumwita ilikuwa kazi ya kamati. Lakini siku zile zile paroko alipata mgeni Mwitaliano, jina lake Molinari. Katekista, aliyejua Kiitaliano kidogo, akamwambia mwenyekiti Kihwele kwamba jina hilo maana yake ni watu wa vinu vya kusagia. Sasa kwetu hapa, wa ukoo wa wafua vyuma hufua vyuma, na wa ukoo wa wakunga huzalisha. Kamati ikakaa siku mbili, ikaamua: Mungu ametuletea fundi. Mgimba asiitwe. Mgeni apumzike kwanza, achinjiwe kuku, maana fundi mkubwa haharakishwi.

Akapumzika wiki tatu. Kuku wakawala wote, yeye na kamati.

Siku ya kumpeleka mashineni nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, na debe langu. Molinari aliizunguka mashine, akaigonga kwa kidole.

"Nzuri," akasema, katekista akitafsiri. "Mnataka niipake rangi gani?"

Mwenyekiti akacheka kwa adabu. "Tunataka uitengeneze, baba. Ninyi si watu wa vinu?"

"Mimi nachora watakatifu. Nimekuja kuchora ukuta wa kanisa."

"Na jina lako?"

"Hilo ni la babu wa babu wa babu. Kwetu akina Molinari wamejaa. Yuko kinyozi, yuko askari, mmoja anauza viatu. Jina linaandikwa mlangoni, linaitwa shuleni, basi. Unga tunanunua dukani."

Watu wakamgeukia mwenyekiti. Mimi nikajitokeza mbele.

"Mwenyekiti, jina la kinu halitoi unga."

"Kaa chini, Ngimbudzi. Wewe hukusoma."

"Sikusoma, lakini natwanga."

Nikaondoka pale pale kumfuata Mgimba. Kesho yake alifunga mkanda mpya kabla chai yake haijapoa, na wanangu wakala ugali hadi wakalala wamekaa.

Tangu hapo, mtu akipewa kazi kwa sababu ya ukoo wake, watu husema: jina la kinu halitoi unga. Sasa mmeelewa. Ila liko jambo nililiuliza mkutanoni mwaka ule ule, na kamati haijanijibu hadi leo: wiki zile tatu, ugali wa nyumbani kwao, mweupe na laini vile, wa mashine si wa kutwanga, unga wake ulisagwa wapi?