Mamba na Baraza la Mashemeji

Paukwa!
— Pakawa!
Nyinyi wa nyuma mmeshalala? Paukwa!
— Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na mto mpana usio na daraja. Mamba alivusha abiria. Kiboko naye alivusha abiria. Nauli ilikuwa moja, kibaba cha mtama. Mamba alikuwa mwepesi: fyuu, kafika ng'ambo! Kiboko alijikokota tu. Lakini foleni ilikuwa kwa Kiboko, na ghala lililofurika lilikuwa la Kiboko.

Mamba akaona wivu. Wivu gani huo, jamani! Chakula hakishuki, usingizi hauji. Akisikia abiria wakiimba, "Kiboko tuvushe, tuvushe salama," roho inamchoma.

"Zito lile! Lina nini nisichokuwa nacho mimi?"

Akaenda kuchungulia. Akamwona Kiboko anavusha yatima bure. Akamwona anang'oa magugu ili watoto wateke maji bila hofu.

"Kumbe dawa yenyewe ni sadaka!"

Asubuhi akapiga ngoma, ndi! ndi! ndi! Akagawa samaki mlango kwa mlango, akitangaza jina lake. Wanyama wakala, wakashukuru, wakaanza kupanda mgongo wake.

Lakini Kiboko alikuwa na jambo jingine: baraza la abiria. Kila siku ya gulio Kobe na Mama Swala walimweka kitako. "Juzi umemlowesha bibi kizee. Na kibaba chako kimekuwa kikubwa, punguza!" Kiboko alinuna, akapuliza maji puani, kisha akapunguza.

Mamba akasikia. "Baraza? Hata mimi ninalo!" Akawaita mashemeji zake, Kenge watatu, akawalisha wakavimbiwa.

"Mashemeji, nipakie kumi badala ya wanne?"

"Sawasawa, mkubwa!"

"Kibaba nikipanue?"

"Sawasawa, mkubwa!"

Katika msafara wa mamba na kenge wamo. Hawa walifuata sahani.

Mvua ikanyesha milimani. Mto ukafura, ukanguruma. Kobe akasema, "Kiboko, leo huvushi mtu."

"Kobe, nitakula nini?"

"Huvushi."

Kiboko akakaa, midomo imemshuka. Mamba alipoona gati la mwenzake tupu, akarukaruka. "Leo wote wangu! Akome! Mashemeji, mto vipi?"

"Shwari, mkubwa!"

Akapakia kumi, na kitoto cha Digidigi juu ya mkia.

Katikati ya mto wimbi likapiga, pwaa! Chubwi! Chubwi! Chubwi! "Mama, nakufa!" Mamba akageuka huku, akageuka kule, asijue amshike nani. Kiboko akajitosa kwa kishindo. Akawakokota mmoja mmoja hadi ukingoni, wote hai, wakitapika maji.

Mto ulipotulia, Mamba akakaa gatini tangu alfajiri. Ng'ambo ya pili waliimba, "Kiboko tuvushe, tuvushe salama." Kwake hakuja mtu, hata wale waliokula samaki wake. Wivu ukamrudia, na aibu juu yake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mashemeji, nina abiria leo?"

Kenge wakapangusa midomo. "Tele, mkubwa! Gati limejaa!"

Mamba akatazama. Mchanga mtupu.

Basi, watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: sadaka ya kijicho haijazi ghala. Anayetaka biashara yake idumu, awatendee watu haki, na amweke karibu anayethubutu kumwambia hapana.

Hadithi yangu imekomea hapa ukingoni. Mwenye swali asimwulize Kenge.