Pengo Katika Wimbo wa Lugano

Kimya nacho kimeandikwa. Ndivyo nilivyowaambia jana mlipokuwa mkimbana mjomba wenu aliyefiwa na mkewe aseme neno. Mkanuna, kisha mkataka kujua usemi huo nimeutoa wapi. Sikuutunga mimi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Tukuyu, na nisikilizeni bila kunikatiza, kama mnaweza.

Kanisa letu lilikuwa na mpiga piano aitwaye Ambilikile. Wimbo wowote wa redioni, uwe wa mapenzi au wa dansi, akiusikia mara moja tu anaupiga. Nota hakuzijua wala hakuona haja ya kuzijua. Tena kanisani kwetu mpiga piano akiacha pengo hata dogo, wazee hugeuka kumtazama wakidhani amesinzia. Basi vidole vyake vilizoea kujaza kila nafasi.

Halafu Lugano akafa. Alikuwa mtunzi, kijana mbichi, na vijana wenzake walizipenda mno nyimbo zake. Aliacha wimbo mmoja ambao hakuwahi kuurekodi, ulikuwa kwenye karatasi ya nota tu, na juu yake ameandika, "Wa Mama." Mama yake, Tupokigwe, hakulia siku ya mazishi wala siku zilizofuata. Alikaa akitazama ukuta, chakula hagusi. Tuliogopa kwamba yeye naye tungemzika. Siku moja akampelekea Ambilikile ile karatasi.

"Baba, nipigie," akasema. "Nataka nimsikie mwanangu."

Hapo redio isingemsaidia kitu. Ambilikile, mtu mzima mwenye mvi, akaenda kwa Mwalimu Subilaga kujifunza nota kama mtoto wa chekechea. Alihesabu mistari kwa kidole, akachanganya ya mkono wa kushoto na ya mkono wa kulia, jasho likamtoka. Lakini alikuwa na haraka, maana yule mama alizidi kukonda. Katikati ya wimbo akakuta alama za kimya, nyingi, zimefuatana. Mwalimu akamwambia, "Hapo unanyamaza." Yeye akadhani marehemu hakuwahi kumaliza kazi yake, akaona aibu kuuacha wimbo wa watu na tundu. Akalijaza, tena kwa ufundi.

Tukakusanyika kanisani, akapiga. Pale katikati, vidole vilipoanza madoido, Tupokigwe akakaza kitenge chake akainuka.

"Mama, bado sijamaliza," Ambilikile akasema.

"Umepiga vizuri, baba. Ila huyu si mwanangu." Akatoka.

Siku hiyo aliyelia ni Ambilikile. Alirudi kwa Mwalimu Subilaga na ile karatasi. Mwalimu hakumkaripia. Aliweka kidole juu ya zile alama.

"Angekuwa hajamaliza, angeacha karatasi nyeupe," akasema. "Hizi amezichora kwa mkono wake, moja moja. Kimya nacho kimeandikwa."

Jumapili iliyofuata tulimbembeleza mama mpaka akakubali kurudi. Ambilikile akapiga polepole, macho kwenye karatasi. Alipofika pale, akaweka mikono magotini. Kanisa zima likatulia. Mimi nilikuwa upande wa kwaya, na nilitamani walau mtu akohoe, maana kimya kile kilinielemea.

Ndipo Tupokigwe akaanza kuimba, kwa sauti nyembamba iliyokwaruza. Alikuwa anaitikia. Baadaye alituambia kwamba ndivyo walivyokuwa wakiimba shambani wakichuma chai: mtoto huanza, mama huitikia, kisha mtoto hupokea tena. Lugano alimwachia nafasi yake. Alipomaliza kuitikia, piano ikapokea, na yule mama akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba, akalia mpaka tukamshika. Jioni akaomba uji.

Kwa hiyo mjomba wenu akinyamaza, msikimbilie kumjazia maneno. Kaeni naye tu. Kimya nacho kimeandikwa.